Uwanja wa kiwanda cha betri

Shoga, mwanao asiende tena kwenye ule uwanja mpya. Nisome kwanza.

Si unajua serikali iliikopesha kampuni hela za kuondoa udongo wenye sumu pale kilipokuwa kiwanda cha betri? Kaka yangu ndiye msimamizi wa uchimbaji. Aliniambia mwenyewe, "Dada, pameshakuwa safi, waache wacheze."

Leo namsikia akimkaripia mwanawe, "Ole wako ukanyage pale."

Nikamuuliza, mbona wangu anakanyaga? Akainama. "Tulichimba pale tu mkaguzi anapopimia. Kwingine tulifunika kwa mchanga."

Walifunika kwa mchanga, shoga. Kaka yangu wa tumbo moja.

Wangu kacheza pale miezi miwili. Nimeshamvalisha viatu, tunakwenda kupimwa damu. Mvalishe na wako, tunawapitia.