Kilatini Kilivyopata Kazi

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Lubunga, nikitumaini kifua kimekuachia na kahawa haikuoza kwa mvua. Mimi mwili ni mzima. Barua hii namkabidhi dereva wa lori la Bafwasende, siipeleki posta, na utaona kwa nini.

Uliniuliza mara nyingi shahada ya Kilatini na Kigiriki inafaa nini. Majirani walicheka kwamba nitaongea na mbuzi. Basi, Papa, imefaa. Furahi sasa.

Unajua nilikaa bure mwaka mzima, nikila kwa Tonton, mdogo wako, aliyenipokea kwake tangu siku ya kwanza ya chuo. Kisha ofisi moja ya Makiso, ng'ambo ya mto, ikanichukua. Tangu Serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, na kifungo kwa anayeyatoa, tunafuta Maria, tunaandika jina la mababu. Ni kazi ya muhuri na wino. Hakuna aliyeniuliza nimesomea nini.

Mwezi uliopita wakaleta daftari la ubatizo walilolinyakua parokiani. Padri mzee wa pale bado anaandika Kilatini. Mkuu wangu akaligeuzageuza, mwisho akaniita mbele ya wote.

"Citoyen, wewe si njo licencié wa Kilatini? Bon, soma. Na sauti, bote basikie."

Papa, nilifurahi kama mjinga. Miaka yote ile ya kuchekwa, na leo mtu ananihitaji! Nikasimama, nikasoma kwa madaha, nikifasiri kila neno. Mwaka huu huu, marufuku ikiwa imeshatangazwa: mtoto wa kiume, jina Paulo, amebatizwa katika hatari ya kufa, na katekista. Nikataja na jina la katekista. Nilipolisikia likitoka kinywani mwangu ndipo nikaelewa. Tonton. Mkuu alikuwa ameshaandika.

Padri alitumia Kilatini makusudi, ili watu wa ofisi wasijue. Katika ofisi nzima hakuna aliyeweza kukisoma ila mimi.

Nikajaribu kusema kwamba mtoto alikuwa anakata roho, na kweli alikufa.

"Donc, jina ilipotea bure," mkuu akajibu, wenzangu wakacheka.

Tonton yuko gerezani wiki ya tatu. Mimi nimepewa meza yangu na kiti chenye mto. Naichukia meza ile, naichukia hata sauti yangu. Na Jumatatu wanaleta madaftari ya parokia nyingine.

Kila jioni navuka mto kwa mtumbwi, namkuta Mama Mdogo, mke wa Tonton, ameniwekea lituma ya ndizi na samaki. Juzi akaniuliza:

"Mutoto yangu, wewe unatumika ku bureau. Nani alisomea bale batu ile kitabu?"

Nikasema sijui. Akanisogezea samaki mkubwa.

Msalimie Mama, dada yangu mkubwa na wanawe, na yule mwalimu wangu wa kwanza aliyekusihi unisomeshe. Yeye usimwambie lolote, atajilaumu bure.

Lori linaondoka Makiso saa nne asubuhi. Likishaondoka sitaenda ofisini. Navuka kurudi Lubunga kumwambia Mama Mdogo kwamba ni mimi niliyesoma. Nimekuandikia kwanza ili nisiweze kubadili nia njiani. Akinifukuza, Papa, usimwandikie kumwomba anirudishe.

Mwanao,
Lofemba