Shangazi Kaniingiza Dini ya Washeka

Jumatano, Disemba 1970. Hamriya.

Leo Maskati imepoa. Upepo mzuri umeshuka majabalini tangu asubuhi na watu wote wanamshukuru Mungu. Mimi tu nimekasirika, na hasira hazijanishuka mpaka saa hizi.

Nianze na kosa langu. Juzi Shangazi Zuwena, dada yake baba, ninayekaa kwake tangu niliporudi masomoni Marekani, aliniuliza niliona ajabu gani huko. Ningemtajia theluji, yakaisha. Nikamsimulia kijiji cha Washeka.

Mwalimu wangu alitupeleka Jumamosi moja, wanafunzi wanne wa kigeni tumebanana ndani ya gari lake. Washeka ni Wakristo wa zamani. Jina lao maana yake ni watikisikao, kwani walikuwa wakisali huku wakicheza na kutetemeka. Waliishi pamoja, mali yao moja, na hawakuoa wala kuolewa. Sasa wamekwisha karibu wote, na kijiji kimehifadhiwa vile vile kilivyokuwa. Watu wanakata tikiti kwenda kukitazama. Nyumba moja ina milango miwili, huu wa wanaume na huu wa wanawake, na ndani ngazi mbili. Viti vimetundikwa ukutani kwenye vigingi ili sakafu ifagiliwe vizuri. Hakuna pambo hata moja, na bado kila kitu kinapendeza, hata kisanduku cha kuwekea nyuzi. Usafi kama ule sijapata kuuona.

Yote hayo nilimwambia Shangazi. Alichosikia yeye ni neno moja: hawaolewi.

Basi leo alasiri kaja Bi Rayya kutoka Bawshar, kuniposa kwa ajili ya mwanawe, karani wa serikali. Shangazi anajua fika kwamba mwaka huu sitaki. Nimeahidiwa kazi ya kufundisha wasichana, nami nataka nianze kazi kwanza. Nilimwambia mara tatu. Angesema hivyo hivyo, ingekuwa dhambi?

Naingia na kahawa na halwa, namsikia:

"Si kwamba hamtaki mwanao, Bi Rayya. Kaingia dini ya kule, ya Washeka wasioolewa. Wanatundika viti ukutani! Nna khofu naye, wallahi."

Nusura dele la kahawa liniponyoke.

"Shangazi, mimi nilikwenda kutembea tu! Nilikaa saa mbili!"

"Saa mbili zamtosha mtu kuingiliwa na shetani," akamwambia mgeni, kana kwamba mimi simo chumbani.

Na adhuhuri tumesali pamoja, bega kwa bega.

Nikaweka dele chini, nikasema mwenyewe, mambo ambayo mwari hasemi mbele ya mposaji. Kwamba mimi ni Muislamu kama nilivyozaliwa. Kwamba sina kinyongo na kijana wa watu, lakini nataka mwaka mmoja wa kufundisha. Akiweza kusubiri, asubiri, na asipoweza, Mungu ampe aliye bora kuliko mimi. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio.

Bi Rayya hakukasirika. Alimaliza kahawa yake, akaniuliza kama Washeka wote wamekufa. Nikamwambia hapana, siku ile tulimkuta bibi mmoja wa mwisho, kofia nyeupe kichwani, kakaa kibarazani anamenya matunda.

"Na alikuwa radhi na maisha yake, mwanangu?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Mie niliozwa bila ya kuulizwa," akasema, huku akitafuta viatu vyake. "Nitamwambia mwanangu asubiri. Akishindwa, shauri yake."

Akaenda zake. Nami nikamfungulia mlango tu.

Tangu hapo Shangazi kanuna. Kaosha vikombe kwa kishindo mpaka kimoja kimepasuka, na hicho pia nimeambiwa ni mimi. Tena kishatuma salamu kwa maalim, kesho aje kunisomea. Nitakaa nisomewe. Kur-ani haimdhuru mtu, na kubishana na Shangazi ni kutwanga maji.

Lakini anayeniudhi zaidi leo ni mimi mwenyewe. Nilikizunguka kijiji kizima nikistaajabia mbao, na mtu pekee aliyeyaishi maisha yale nilimsalimia nikampita, kama vile naye ni wa kutazamwa tu. Leo tena mwanamke kaniambia neno zito nyumbani kwetu, nami nikamwacha aondoke nalo.

Maalim akishatoka kesho, nitakwenda Bawshar. Si kwa ajili ya mwanawe. Nitamuomba Bi Rayya anieleze maisha yake, tangu siku ile alipoozwa.