Zege la Nyumba Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Fundi aliahidi saa moja. Amefika saa tatu na robo. Nilikuwa langoni tangu saa moja kasoro dakika tano, saa mkononi. Akashuka kwenye baiskeli, akalitazama zege, akaguna.

"Mwalimu, hii imekufa."

Nikamwambia kwamba najua. Nimemwita azike, si apime mapigo ya moyo. Akacheka mpaka akashika lango. Sikukusudia mzaha.

Njia hii ya gari ni ya nyumba mbili. Yangu iko kushoto, ya mdogo wangu kulia, na zege liko katikati, upana wa hatua kumi. Limepasuka kutoka langoni hadi kwenye stoo yangu. Kipande kimoja kimeinuka kama ulimi wa mtoto mtukutu. Juzi kilikwaruza gari la mdogo wangu chini. Nilisikia sauti yake nikiwa bafuni. Sauti ya gari, kisha sauti ya mdogo wangu.

Udongo wa hapa ni wa mfinyanzi. Jua likiwaka, unajikunja na kupasuka. Ukinywa maji, unavimba. Kila mtu anajua. Lakini udongo peke yake usingefanya haya. Kilichofanya haya ni mzizi. Mdogo wangu alikuwa na mti wa kivuli mbele ya sebule yake. Miaka mitatu na nusu iliyopita nilimwandikia barua kumtaka aukate. Hoja saba, kila moja na namba yake. Aliukata siku ya pili. Hakunijibu hata neno moja, na hatujasemezana tangu hapo. Shikamoo ananipa bado, maana tulilelewa vizuri, lakini huwa ameshaondoka kabla sijamaliza kusema marahaba.

Kazi hii wameipanga wake zetu. Wao wanasemezana. Sana.

Jumanne, 4 Februari

Vibarua wawili, nyundo kubwa, sururu. Vumbi kila mahali, hadi ndani ya kamusi.

Nimeweka kiti barazani. Nimemwagiza fundi aniite mara tu atakapoupata mzizi. Nataka nikatiwe kipande.

"Ukikipata utakifanya nini?" mke wangu akauliza. "Utakitia kwenye fremu?"

Sijaamua.

Mdogo wangu alikuwa amesimama upande wake, mikono nyuma. Nikamwambia fundi amwambie wa upande wa pili aondoe gari, toroli halipiti. Fundi akageuka na kusema. Mdogo wangu yuko hatua sita kutoka kwangu! Akajibu, kwa fundi: "Mwambie Kaka nimesikia. Sijaazima masikio ya mtu." Fundi akageuka tena. Nikamwambia amwambie kwamba aliyesikia huondoa gari. Fundi akaweka nyundo chini.

"Jamani wazee wangu, mimi ni fundi wa zege. Mimi si posta."

Vibarua walicheka. Shemeji yangu alicheka dirishani kwake, nyuma ya yale magunia. Sebule ya mdogo wangu ina magunia dirishani. Nyumba nzuri, mapazia ya magunia. Sielewi watu wanavyoishi.

Gari liliondolewa baada ya robo saa. Kwa hiari yake, bila shaka.

Jumatano, 5 Februari

Joto kali mno. Saa nne nyundo ilikuwa haishikiki bila kitambaa.

Mzizi bado.

Tumeng'oa theluthi mbili. Fundi ameniita mara moja, nikaenda mbio – mbio zangu – nikakuta nyuzi nyembamba, kavu, kama nywele za mahindi. Ziko upande wa mdogo wangu na zinaishia kwenye ukingo wa njia. Hazikuvuka. Fundi anasema mzizi wa kuinua zege ungekuwa mnene kama paja, na hata ungeoza ungeacha shimo. Nimemwambia achimbe zaidi.

"Zaidi wapi, Mwalimu?"

"Chini."

"Chini kuna nchi nyingine."

Shemeji ameleta chai kwa wote, kikombe changu kwanza, kwa heshima kamili. Kisha akauliza, uso mkavu kama bati, "Shemeji, huyo mgonjwa wenu, mzizi, ameonekana?" Nikasema bado anatafutwa. Akasema atatuombea. Nilisikia vicheko viwili jikoni kwake. Cha pili kilikuwa cha mke wangu.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika kwa kifupi. La, naandika yote.

Saa tatu asubuhi fundi aliniita. Hakupaza sauti kama jana. Alikuja mpaka barazani, akavua kofia. Nikajua.

Mahali penyewe ni karibu na stoo yangu, pale pale zege lilipoinuka. Kila mahali udongo ni mgumu kama tofali na una nyufa za kuingiza mkono. Pale ulikuwa laini. Mweusi, unang'aa, unabonyea kama unga uliokandwa. Miezi mitatu mvua haijanyesha!

"Huu umekuwa ukinywa," fundi akasema. "Kila siku. Huku umevimba, kule umenyauka. Zege liko juu ya vyote viwili. Lisipasuke linangoja nini?"

Akaufuata unyevu kwa mkono. Akatoa bomba. Linatoka kwenye karo letu la kufulia na kupita chini ya njia kuelekea mtaro wa nje. Kwenye kiungo limefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mpira umeoza. Maji ya mke wangu ya kufulia, miaka kumi na mmoja, yote yameishia humo.

Juu ya kiungo kulikuwa na bonge la saruji. Mtu alikuwa ameliandika kwa msumari kabla halijakauka. Tarehe, mwezi, mwaka. Chini yake: *Imekaguliwa.* Na nukta.

Fundi alilisoma kwa sauti. Kisha akatoa mfukoni karatasi niliyompa Jumatatu, ile ya maagizo ya kazi. Akaitazama karatasi. Akalitazama bonge. Akaikunja karatasi.

"Fundi huyu alikuwa na mwandiko mzuri," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Wiki ile, miaka kumi na mmoja iliyopita, mke wangu aliniambia niite fundi bomba, nami nikasema kwamba mtu aliyesoma hashindwi na bomba. Nilimaliza kwa alasiri moja. Nilijipongeza kwa soda.

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo. Fundi akachuchumaa karibu nami. Akasema kwa sauti ya chini kwamba leo ataweka bomba jipya, kesho washindilie changarawe na kutandaza nondo, Jumamosi alfajiri wamwage kabla ya jua kali. "Mzee mwenzio yuko kazini mpaka jioni. Hajaona. Zege halina mdomo, Mwalimu."

Nikamwambia afunike kwa nailoni.

Ndivyo nilivyosema. Afunike.

Ijumaa, 7 Februari

Bomba jipya limewekwa. Changarawe imeshindiliwa. Mashine ilitetemesha vikombe kabatini kutwa. Nondo zimetandazwa, nimezipima, ziko sawa. Fundi anafanya kazi safi, niseme haki.

Nimejaribu kuandika barua. *Ndugu yangu, kwanza* – kisha sikuwa na kwanza. Nimechana karatasi nne. Mke wangu ameokota vipande, amevisoma vyote, kisha akakaa mbele yangu na kunikazia macho.

"Barua ya nini? Mlango wake uko hatua kumi."

Nikamwambia kwamba jambo zito huandikwa.

"Lile la kukata mti uliliandika. Tumeona faida yake." Akaanza kuondoka, akarudi. "Maisha yako yote umewaambia watoto wa watu wasahihishe makosa yao. Haya, sahihisha."

Nilitoka nje. Ilikuwa saa kumi, jua linaelekea magharibi, nikasimama kwenye nondo katikati ya nyumba mbili. Jua lilikuwa limeingia lote kwenye dirisha la sebule ya mdogo wangu. Lote! Ukuta wake ulikuwa unaunguza. Mbele ya dirisha kuna kisiki. Nyuma ya kioo kuna magunia.

Miaka mitatu na nusu nimewaona wachafu.

Fundi alikuwa anakusanya vyombo. Akaniuliza bonge lile alitupe wapi. Akasema linaweza kuingia kwenye kifusi, chini ya zege, likalala salama. Au anaweza kuliacha pembeni. Nikamwambia aliache pembeni. Alilifuta vumbi kwanza.

Jumamosi, 8 Februari

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Naandika nikiwa nimesimama, daftari kwenye dirisha la sebule.

Fundi alifika saa kumi na moja. Kabla ya wakati! Mashine ya zege inanguruma, vibarua wanakimbia na toroli. Wameanza langoni na wanakuja huku. Sehemu ya mwisho itakuwa ya stoo. Fundi amesema ni lazima wamalize kabla ya saa mbili, jua likishapanda zege linakauka juu na kubaki bichi chini, kisha mwaka ujao tunaitana tena.

Wakati wanapakia kokoto nimefanya jambo. Sijui kama ni la kiume au la woga. Nimelipakia bonge kwenye toroli, nimelisukuma mwenyewe juu ya mbao mpaka upande wa pili, nimelishusha kwenye kizingiti cha mdogo wangu, maandishi juu. Nimegonga mlango. Kisha nikarudi. Haraka. Umri wangu ni miaka sabini na miwili na nimekimbia kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani. Kiatu kimoja kimebaki kwenye mbao.

Vibarua wameona. Mmoja amesema kitu, mwenzake amejishika tumbo. Acha wacheke.

Mlango umefunguliwa.

Ametoka na msuli kiunoni na fulana. Amejikwaa kidole. Ametukana – ametazama huku na huko kama kuna aliyesikia – ameinama.

Anasoma.

Anasoma polepole, midomo ikitembea. Bado hajaacha tabia hiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alikuwa na miaka sita, mimi kumi na mitano, tulikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na kila alipokosea nilimrudisha mwanzo wa ukurasa. Hakuwahi kulia. Alirudi mwanzo tu.

Amegusa ile nukta kwa kidole gumba.

Anatazama bomba la zamani, lile lililotupwa kwenye kifusi. Analifuata kwa macho mpaka kwenye karo letu. Shemeji ametokea nyuma yake, anauliza kitu. Sasa mdogo wangu anatazama kisiki. Anakitazama muda mrefu. Mke wangu amesimama kando yangu na hasemi chochote, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Sasa anatazama dirisha langu.

Amelibeba bonge. Amelikumbatia kifuani kama mtoto. Anapanda juu ya mbao, anakuja huku, na chini yake nondo tupu na nyuma yake zege bichi. Uso wake siwezi kuusoma. Mimi!

Fundi anapaza sauti kutoka langoni. "Mwalimu! Imebaki ya stoo! Tumwage au? Jua hilo linapanda!"

Mke wangu ameshafungua mlango.

Nimemwambia fundi angoje.