Macho ya Bibi Kwenye Picha ya Rangi

Nyakato, Jumapili mchana

Shikamoo Mjomba,

Mama yako yuko hapa kwangu. Usimtafute kule nyumbani Misungwi, wala usidhani ametekwa. Nimemchukua mimi. Amekaa kitandani kwangu, mgongo ukutani, anautazama mlango. Kila akisikia viatu vizito nje ananiuliza kwa sauti ya chini, "Huyo nani?" Namwambia ni wafanyakazi wa kiwandani wanabadilishana zamu. Baada ya muda kidogo anauliza tena.

Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie. Kasema, "Wewe umesoma. Mwandikie mjomba wako, mweleze kwa mpangilio, usimfiche kitu." Basi nimeweka shajara yangu magotini na nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Nianze na habari za picha, maana ndizo ungeuliza kwanza.

Tangu ulipotuacha sijaacha kupiga. Ile kamera yako nzito nimeifunga kwenye kitambaa, film zake nyeusi na nyeupe sizipati tena hapa mjini. Maduka sasa yamejaa film za rangi, na kuna mashine inayosafisha picha ukiwa umesimama pale pale unasubiri. Nina kamera ndogo ya plastiki yenye taa ndani yake. Wamachinga wanaziuza barabarani pamoja na saa na mitumba. Ungeicheka sana. Lakini kila Jumamosi nikitoka zamu nateremka ziwani kama tulivyozoea, natafuta kitu kizuri ambacho watu wanakipita tu.

Ziwa limebadilika, Mjomba. Yamekuja majani yanayoelea, wanayaita magugumaji, yameziba ufuko mpaka mitumbwi inasukumwa kama mikokoteni. Na majani hayo yanatoa maua ya zambarau. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mawe, yangeyange weupe wanatembea juu ya yale maua kama wako shambani kwao. Nilipiga nikiwa nimebana pumzi. Mvuvi mmoja akaniambia, "Dada, unapiga picha ugonjwa? Njoo basi upige na sufuria yangu, siku hizi ina nafasi kubwa." Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka. Picha zilipotoka zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilizifunika kifudifudi mezani. Sikujua nafanya hivyo kwa nini.

Sasa habari ya Bibi.

Wakati wa mavuno nilikwenda kumtazama. Alikuwa jikoni anasonga ugali. Unalijua lile jiko: kuta nyeusi zinang'aa kama lami, tundu moja la kutolea moshi, moto wa samadi na mabua ya pamba. Kile kibuyu chake cha maziwa chenye shanga kilikuwa kinaning'inia juu yake, mvuke unapanda, mikono yote miwili imeshika mwiko. Nilimtazama nikaona ni picha. Wewe ungesema, "Subiri mwanga." Ulisema hivyo kwa kila mtu, ukamkalisha mlangoni mpaka jua limkubali. Lakini kwenye jiko lile mwanga hauji hata ukisubiri mpaka masika. Nikaita, "Bibi!" Akainua uso anacheka. Taa ikawaka.

Ilitoka nzuri. Shanga zinaonekana moja moja, mvuke, kicheko chenyewe. Na katikati ya kila jicho, nukta nyekundu kama kaa la moto.

Hapa Nyakato hilo si jambo. Picha za harusi zina macho hayo, za ubatizo hivyo hivyo, tunataniana, tunazibandika kwenye albamu. Karatasi iliyokuja na kamera imeeleza: mahali penye giza mwanga wa taa huingia ndani ya jicho, hukutana na damu iliyo nyuma, hurudi na wekundu wake. Basi. Nilimpelekea Bibi picha yake kama ninavyompelekea sukari. Aliishika mbali na uso, maana vitu vidogo havioni vizuri, akasema, "Nimependeza. Kumbe bado nina meno." Akaiweka ukutani, kando ya ile uliyompiga wewe mlangoni, ile nyeusi na nyeupe.

Picha mbili, Mjomba, kando kwa kando.

Masanja, jirani yetu, baba yake Limi, aliingia kumwamkia. Unamkumbuka, mpole yule, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lako. Mwaka huu amemzika mtoto wake wa kiume, na ng'ombe wake wamekufa mmoja baada ya mwingine. Alisimama mbele ya zile picha muda mrefu. Halafu akasema neno lako. Lile ulilokuwa ukiwajibu watu waliolalamika kwamba umewatoa wabaya: "Kamera haidanganyi, wala haina shemeji." Kijiji kizima kilikuwa kinalisema kwa kucheka. Masanja hakucheka. Alisema, "Mwanawe alipokuwa hai, macho yalikuwa meupe. Mwanawe amekufa, yamekuwa hivi."

Bibi alinisimulia hayo akichambua mchicha, kama mtu anayeeleza habari za mwanamke mwingine. Akaongeza kwamba siku hizi watu wakikutana naye njiani wanavuka upande wa pili.

Mjomba, amesema nisikufiche. Wanasema ni yeye aliyekuua. Mama yako. Wanasema alikula nyama yako kwanza, na sasa ameanza kwa majirani.

Wewe unajua kifua chako kilivyokutesa. Unajua nani alikuwa anakuinua ukikohoa, nani alikuwa anamwaga lile bakuli na kulisuuza kwa majivu. Wewe ndiye shahidi, na hakuna wa kukuita.

Unajua pia wanavyofanywa vikongwe wenye macho mekundu: huitwa wachawi, hukatwa mapanga usiku. Tulikuwa tunasikia habari hizo zinatoka vijiji vya mbali, nawe ukitikisa kichwa na kuzima redio. Tangu siku ile sikuweza kula vizuri. Nilikuwa nasimama kwenye mashine kiwandani namwona amelala peke yake, na ule mlango wa mbao unaofungwa kwa kamba.

Nilikwenda kwa Kamanda wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji, kwa kuwa alikuheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti, mimi nakamata wezi wa ng'ombe. Maneno siwezi kuyafunga kamba."

Ndipo nikawaza: kama kamera ndiyo iliyomshtaki, kamera ndiyo imtetee.

Nilingoja siku ya ngoma ya mavuno. Ungekuwepo, Mjomba! Wacheza nyoka walikuja, chatu amejizungusha shingoni mwa kijana kama skafu, manyoya ya mbuni vichwani, miguu inapiga ardhi kwa pamoja mpaka vumbi likasimama hewani na jua la jioni likalipaka dhahabu. Kwa kitambo kidogo nilisahau kilichonileta, nikapiga ngoma tu. Kisha jua likazama na nikakumbuka. Siku ile sikusubiri mwanga. Nilisubiri kiza kianze kuingia, nikapaza sauti, "Picha! Picha bure!" Walinisonga. Kamanda alivaa kofia yake, akatoa kifua mbele. Katekista akafunga vifungo. Watoto walikuwa wengi hata sikuona mwisho wao. Masanja alikuwa amempakata Limi. Alipoiona kamera aligeuza uso, lakini mtoto aliitazama taa moja kwa moja.

Sijawahi kuiogopa bahasha kama ile. Nilikaa nayo kwenye ngazi za duka la picha bila kuifungua. Nilijiuliza, ikiwa hakuna hata mmoja mwenye nukta, nitakuwa nimethibitisha wanachosema. Na ikiwa ni wawili watatu tu, je? Nitakuwa nimemwonyesha Masanja wengine wa kuwatafuta, tena kwa sura zao.

Nilifungua. Karibu wote. Watoto zaidi ya watu wazima, macho yao yote yanawaka. Katekista mawili. Kamanda jicho moja.

Jumapili iliyofuata nilizigawa mbele ya kanisa, mchana, Bibi akiwa kando yangu. Kila mmoja aliitafuta yake kwanza. Kisha mama mmoja akachungulia picha ya Kamanda, akasema, "He! Kamanda, kumbe uchawi umefuzu nusu!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, atarudia mtihani!" Kamanda mwenyewe akaishika picha juu, akafumba jicho moja, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao.

Masanja hakucheka. Alikuwa ameshika picha ya Limi. Alimwinua mtoto akamgeuzia kwenye jua, akalifungua jicho lake kwa kidole gumba, akalitazama, akaitazama picha, akalitazama tena jicho. Akaniuliza, "Kabula, hii taa yako inaumiza?"

"Haiumizi, baba Limi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Nilidhani yamekwisha. Kisha akasema, si kwa ukali, ndiyo maana iliniogopesha zaidi: "Lakini ya bibi yako ni mekundu hata sasa hivi. Mchana. Bila taa."

Kicheko kilikatika. Na ni kweli, Mjomba. Macho ya mama yako ni mekundu. Nilisimama pale na bahasha yangu na sikuwa na picha ya kujibu hilo.

Aliyejibu ni mke wake. Mama Limi alisogea mbele yake, akavua kanga kichwani. "Baba Limi, nitazame."

"Nakujua, mke wangu."

"Hunijui. Nitazame machoni."

Akamtazama. Sote tukatazama. Yalikuwa mekundu kama ya Bibi, kingo zimevimba.

"Moshi wa ugali wako huo," akasema Mama Limi. "Tangu umenioa. Sasa na mimi nimemla nani?"

Wanawake wengine wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kila mmoja kwa mume wake. "Na wewe nitazame!" Masanja aliinamisha uso. Akakunja picha ya mtoto wake kwenye kitambaa, akaiweka mfukoni vizuri, kama kitu anachotaka kukitunza. Akamwambia Bibi, "Mama, shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama vile hakuna kilichowahi kutokea.

Laiti barua ingeishia hapo.

Kesho yake asubuhi Mama Limi alinikuta kisimani. Alijifanya ananisaidia kujitwisha ndoo. Akaninong'oneza, "Mume wangu nimemweza. Lakini alishakwenda kwa mganga kabla ya picha zako, na mganga alishataja jina. Waliokuwa wamekaa pale wakisikiliza, yeye hawajui hata ni akina nani. Hao mimi siwajui, siwezi kuwavulia kanga. Mchukue bibi. Mchukue kabla hajamaliza wiki."

Bibi alibisha. Alisema nyumba yake, mtama wake, mtoto wake kaburini pale nyuma ya zizi, amwachie nani? Sikumjibu kwa akili, nililia tu mbele yake kama mtoto. Akaniangalia, akaanza kufunga mzigo.

Tuliondoka alfajiri. Na hili ndilo hasa alilotaka nikueleze, lililobaki linamuumiza: hakukuaga. Alitaka kuja kusimama kaburini pako. Nilimzuia. Fikiria, mwanamke mzee, peke yake kaburini alfajiri, mzigo kichwani. Baada ya hapo nani angehitaji picha? Kwa hiyo tulipita njia ya zizi bila kusimama. Hakugeuza shingo. Alipofika usawa wako alikohoa mara moja tu, kama anayebisha hodi, akaendelea kutembea.

Huku kwangu napikia mkaa, nje, na wekundu umeanza kupungua. Lakini hofu haijapungua. Nusu ya wapangaji wa nyumba hizi wanatoka Magu na Misungwi, na jana mmoja aliniuliza huyo bibi ni wa kijiji gani. Nilisema Ukerewe. Bibi akiona kamera anafunika uso kwa kanga. Ile picha ya jikoni ameniomba niichome. Sijaichoma. Ndiyo picha anayocheka.

Lala, Mjomba. Usimwonee uchungu, anakula, na leo amenikaripia kwa kuunguza maharage. Najua majani yameanza kukufunika. Nitakuja kuyafyeka, na sitakuja kwa kificho. Nitakuja jua likiwa utosini, jembe begani, nitamwamkia kila mtu wa kila mlango kwa jina lake, na wa Masanja pia, na nitasema kwa sauti ninakokwenda na kwa nani. Kwenye barabara ile nitakuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nitakuja hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Kabula