Mkono Nilioubana

Segerea, Jumatano

Dada Tekla,

Shikamoo dada. Mguu umepoa? Naomba Mungu uwe unafika shambani bila fimbo. Sie huku tunapumua, ila mvua imetuletea tope hadi mlangoni. Barua nimempa Twaha wa basi la Bukoba, maana nikikupigia simu Jenipher atasikia. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni unapewa pole chumbani.

Mwanao Jenipher anaendelea na yale masomo ya juu ya unesi, ya baada ya digrii. Lakini dada, mwalimu yuko ndani ya kompyuta! Chuoni wanakwenda wiki moja tu kila muhula, kufanya kazi wodini. Jirani yangu Rukaiya ananitania eti nimezaa nesi wa mtandaoni, siku akiumwa atamtumia picha ya tumbo. Nacheka naye. Nilimuuliza Jenipher mgonjwa anashikwaje kupitia kioo. Akasema mama tulia, maelezo tunayapata huku, mikono itafanya kazi wodini.

Wiki jana kukawa na mtihani wa kumpima mtu, mwalimu anatazama. Jenipher akaniomba niwe mgonjwa wake. Nikajilaza na khanga yangu mpya, kompyuta ikawekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akanipima macho, shingo, tumbo, akieleza kila anapogusa. Mikono yake ina joto kama ya marehemu mama.

Alipofika kwapani nikabana mkono, nikasema ananitekenya. Mwalimu akacheka, akamwambia aruke hapo, aendelee. Amefaulu vizuri sana, siku ile aliimba hata akiosha vyombo.

Dada, hakunitekenya. Pana uvimbe pale, mgumu kama punje ya hindi kavu, tangu Pasaka. Hauumi. Niliogopa akiugusa atalia mbele ya mwalimu, mtihani uharibike. Sasa naogopa uvimbe, na namwogopa mwanangu atakapojua nilimdanganya mikononi mwake. Kila akinipitia nabana mkono, hata kufua na kuanika nafanya kwa kujificha, asinione nikinyanyua mkono.

Kumwambia peke yangu nimeshindwa. Wiki yake ya wodini inaanza tarehe kumi na nane. Njoo kabla, dada. Ukae pembeni yangu nijilaze palepale, kompyuta izimwe, ninyanyue mkono mwenyewe.

Shemeji Stanley na wajukuu wasalimie, ila hili lisifike kwao.

Mie mdogo wako,
Demetria