Jembe la Mgeni Rasmi

Kaka Deo,

Nimerudi likizo, nimekaa jikoni kwa mama. Moshi unauma macho, kwa hiyo mtu akiingia sina haja ya kueleza machozi. Bwenini nilianza barua hii mara nne, nikaichana mara nne. Ulizoea kunicheka, "Wewe Oliva, hata kuku wa jirani ukimfukuza unamwomba radhi." Ni kweli, kaka. Ndiyo maana umekufa.

Ngoja niseme taratibu.

Hapa kijijini unasifiwa. Mwenyekiti alitangaza makaburini kwamba ulifukiwa ukichimba kisima cha kijiji, kwamba taifa limepoteza mjenzi. Watu wakapiga makofi. Makofi, kwenye mazishi! Mama aliinua kichwa, na tangu siku ile akipewa pole anajibu, "Alikuwa anatutafutia maji." Mimi nainama, najifanya nachambua maharage.

Kisima gani? Si mimi niliyekuwa nakuletea ugali pale shimoni? Nilijua mko watatu, mnamchimbia mwenyekiti dhahabu kwa siri. Nilijua mawe yanapondwa kwake, uani, na kwamba aliposema dhahabu ni mali ya taifa alikuwa na maana ninyi msiuze, atauza yeye. Kuta za shimo zilipoanza kutoa maji ukataka kuacha. Ulinisimulia huku ukicheka jinsi alivyokujibu: "Acha tu, kijana. Ila mdogo wako anasoma sekondari, na barua zake za shule zinapita kwangu." Ukashuka tena. Kwa ajili yangu.

Halafu ile siku ya likizo ya Pasaka. Mgeni kutoka wilayani alikuja kuona shamba la ujamaa, akafika mapema kuliko walivyomtarajia. Wewe ulikuwa chini, katika shimo lililo shambani humo, na hapakuwa na muda wa kukupandisha. Mwenyekiti akaamuru mdomo wa shimo ulazwe miti, juu yake mabonge ya nyasi na udongo, mpaka pakawa ntumba kama ntumba zote za maharage, matuta yetu haya ya duara. Nani angelitambua? Waliacha tundu ubavuni, la kupitisha mkono, upate hewa. Kisha akaniita mimi. "Simama hapa. Wewe una Kiswahili kizuri. Akiuliza, sema maharage. Dakika kumi tu."

Hazikuwa kumi. Mgeni alihutubia. Tuliimba. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akataka jembe. Kiongozi lazima naye achafuke, alisema. Akazunguka akitafuta tuta ambalo halijakamilika, akaliona lile. "Hapa nani kafanya uvivu?" Watu wakacheka. Akakata bonge la nyasi, akaliziba lile tundu, akapigapiga kwa ubapa wa jembe. Vigelegele vikalia. Mama naye alipiga, kaka. Nilimwona.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mgeni. Akaniuliza, "Binti, mtapanda nini hapa?"

"Maharage, ndugu."

Akaniuliza na kwa Kiingereza, nasoma kidato gani. Nikamjibu kwa Kiingereza. Akanisifu mbele ya watu. Unaona? Mdomo nilikuwa nao. Nilimtazama mwenyekiti, naye alikuwa ananitazama, anatabasamu. Nikajiambia, akigeuka tu nitalibomoa kwa mikono. Akageuka, akaenda kula na mgeni. Wakaniita nikawanawishe wageni maji. Nikaenda. Kaka, nilienda, nikawanawisha maji.

Wenzako walipofukua ulikuwa umekaa, mgongo ukutani, na vidole vyako... Siandiki. Walikubeba mpaka bondeni, kwenye kile wanachokiita kisima, ndiko mama alikoitwa.

Sasa mwenyekiti ana baiskeli mpya na redio, na shimo limefunguliwa tena. Jumatatu ijayo anashuka Fidelisi, mwenzako. Mkewe ana mimba.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Nilianza kwa Kiswahili, ikawa inatoka kama hotuba, nikamwambia kwa Kifipa. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulisimama wapi?"

Nikampeleka, nikamwonyesha. Alisimama palepale nilipokuwa nimesimama, muda mrefu, upepo unampiga khanga. Kisha akasema, "Na mimi nilipiga vigelegele." Basi. Tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma. Hajanigusa tangu hapo. Sijui kama atanigusa tena.

Lakini sasa hivi anafunga viazi kwenye kitambaa, vya njiani. Kesho alfajiri tunakwenda Sumbawanga kwa miguu. Tutalala kwa shangazi, Malangali, na asubuhi yake tutaingia ofisini kwa yule mgeni. Yeye hajui, kaka. Labda mpaka leo anawasimulia wenzake jinsi alivyoshika jembe kwetu. Mwenyekiti akisikia, shule yangu imekwisha, na huenda hataishia kwenye shule. Naogopa.

Mama atakaa kwenye benchi. Nitasema mimi. Nitamwambia ni tuta lipi na nani alikuwa chini yake, na kwamba Jumatatu kuna mtu mwingine anashuka.

Lala, kaka yangu. Nakuahidi nitayasema yote. Nikikwama katikati nitaanza upya, na sitatoka ofisini mwake mpaka anyanyuke kwenye kiti, aje alione lile shimo.

Mdogo wako,
Oliva