Mashine Yetu na Ufa wa Fundi Saa

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wale watukutu wako wawili. Magoti yanasemaje huko kwenye kusimama kutwa? Mama ananiuliza kila siku, nami namjibu kuwa yamepoa, ingawa sina uhakika, maana tangu uondoke unaniandikia ujumbe mfupi kama wa kampuni ya umeme. Sisi hapa wazima. Mama kikohozi kimemwachia. Mimi mikono imebabuka kwa sabuni, lakini leo siijali hata kidogo.

Tumeshinda, dada. Mashine imetoka.

Unakumbuka mwenye nyumba, Bwana Changu, alivyotia kufuli lake juu ya letu siku mkataba ulipokwisha. Alisema tuchukue beseni na pasi zetu, ila mashine kubwa ya kufulia tuiache, kwa kuwa imefungwa kwa bolti kwenye sakafu yake na sasa ni sehemu ya nyumba. Kumbe alishampata mpangaji mpya na kumwahidi chumba chenye mashine yake. Wewe ukasema tumwachie Mungu, ukaenda kufua mashuka ya hoteli ya watu. Sikukulaumu. Kile kifungu cha mkataba, kwamba chochote kitakachoongezwa kwenye jengo kitabaki kwa mwenye jengo, tulikitia sahihi wote wawili bila kukisoma. Lakini bila mashine hatukuwa na biashara, tulikuwa na ndoo tu. Zahanati walikuwa wameshaanza kunung'unika kwamba mashuka yanachelewa, na mimi nafua uani kwa Mama mpaka mgongo unagoma.

Basi nikaenda kwa wakili. Ni binti mdogo kuliko mimi, anaongea mbio mbio, na viatu huvivua chini ya meza. Alinieleza kwamba nyumba, na kila kilichofanywa kuwa mwili wa nyumba, ni mali isiyohamishika, lakini vifaa alivyoleta mpangaji kwa kazi yake hubaki vyake, mradi vitolewe bila kubomoa jengo na arekebishe alipoharibu. Hata hivyo kile kifungu kilimkunja uso. Akauliza bolti zilifungwa kwa nini. Nikamwambia Bwana Changu mwenyewe ndiye aliyetuamuru, kwa sababu mashine ikikamua nguo ilikuwa inatetemesha chumba cha jirani, mpaka saa za fundi saa zikawa zinasimama na ukuta wake ukaingia ufa. Akataka kujua fundi saa anamdai nani huo ufa. Nikajibu kwamba amemdai mwenye nyumba hadi amechoka, na kila mara jibu ni lile lile. Nilipomtajia jibu lenyewe, akavaa viatu, akaniambia fundi saa atakuwa shahidi wetu.

Hakimu alikubali kuja kuiona mashine kwa macho yake. Ni mama mtu mzima asiye na haraka. Alizunguka, akainama, akazigusa bolti moja moja, akatazama mlango kama mashine inapita. Bwana Changu alikuwa amevaa suti, dada, suti nzima, anaonyesha kwa fimbo: sakafu yangu, bomba langu, mashine yangu. Wakili wake alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Ndipo fundi saa akaitwa. Aliingia na kile kioo chake cha kukuzia bado kimekaa kwenye paji la uso, akatupeleka chumbani kwake, akamwonyesha hakimu ufa unaopita nyuma ya rafu zake. Wakili wetu akamgeukia Bwana Changu, akamwuliza kwa adabu kabisa kama, kwa kuwa mashine ni yake, yuko tayari kuutengeneza ukuta na kumlipa jirani hasara ya saa zake. Wakili wake akaanza kukohoa. Lakini unamjua Bwana Changu akisikia neno kulipa. Mdomo ulimtangulia.

"Nimeshamwambia mara ngapi huyu," akasema. "Ufa ni wa mashine, na mashine ni ya hawa madobi."

Hakimu aliandika taratibu, wala hakuinua macho. Mimi niliuma ncha ya kanga nisicheke mbele ya serikali.

Hukumu ilisomwa juzi. Kifungu kile ni cha vitu kama milango na vigae, si cha chombo cha kazi ambacho mwenye nyumba mwenyewe amekiri si chake. Mashine ni yetu, ila tuzibe matundu ya bolti na tuutengeneze ufa wa fundi saa. Ufa huo niliupokea kama zawadi ya harusi. Jana bolti zikafunguliwa, mashine ikatolewa kwa magogo ya kuviringisha, mtaa mzima ukasimama kutazama, na ilipita mlangoni bila kugusa hata rangi. Sasa iko kwenye chumba kipya nyuma ya zahanati. Nimesoma mkataba wake neno kwa neno, nikamsomea na Mama mpaka akasinzia.

Sasa, dada, kuna jambo nimelificha mpaka hapa ili usiichane barua. Siku ya kwanza mahakamani, wakili alinishauri niseme mashine ni yangu peke yangu. Ujumbe wako ulikuwepo, ule wa kuniambia umejitoa na nifanye nayo nitakavyo. Ingekuwa rahisi. Nikapanda kizimbani, nikaapa, hakimu akaniuliza mashine ni ya nani. Nikakukumbuka umekaa sakafuni siku ilipofika, umeikumbatia, hutaki mtu aiwashe kabla yako. Nikajibu kuwa ni ya watu wawili, mimi na dada yangu. Wakili wa Bwana Changu akaruka kuuliza huyo dada yuko wapi. Nikasema amesafiri kikazi, anarudi.

Kwa hiyo jina lako limo kwenye hukumu, na muhuri juu yake. Mashine sijaiwasha. Nimeapa mbele ya hakimu kwamba unarudi, dada. Usije ukanifanya muongo.

Mama anakusalimu, na fundi saa pia. Anasema saa yako ya mkononi imepona, njoo uichukue. Wabusu wanangu.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
Kibiriti